Kupata moto upesi si kubeba joto jingi

Imani ya siku nyingi ni kwamba chuma, kwa kuwa hupata moto haraka, hubeba joto jingi kuliko maji. Ukweli ni kinyume chake. Kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji takriban jouli (kipimo cha nishati) 4,200. Kilo 1 ya chuma hutosheka na 450 hivi. Chuma huwahi kwa sababu kinahitaji kidogo.

Maabara ya shule inatosha kuthibitisha. Tia kipande cha chuma cha gramu 200 kwenye maji yanayochemka, kiache hadi kifikie nyuzi 100, kisha kitumbukize haraka katika gramu 200 za maji ya nyuzi 25. Wanafunzi wengi hutabiri katikati, nyuzi 62 hivi. Koroga, soma kipimajoto: ni 32 hivi tu!

Kung'uta matone kwanza, maana maji ya moto yanayong'ang'ania chuma huharibu hesabu. Na joto la kuchemka lipimwe, lisikisiwe: Mombasa ni karibu nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa mwinuko wake, ni kama 94.