Uvimbe Ndani ya Moyo: "Si Saratani" Haina Maana ya Kusubiri

Eko ni kipimo gani?
Ni altrasaundi ya moyo. Inatumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli kifuani, na kwa kawaida saa moja haiishi kabla hujamaliza. Huhitaji kushinda njaa.

ECG yangu ilikuwa safi. Eko ya nini tena?
ECG husoma umeme wa moyo tu, haioni uvimbe. Ukiishiwa pumzi unapolala, ukizirai unapobadilisha mkao, au ukipata homa na kukonda bila sababu inayojulikana, karatasi safi ya ECG isikufariji.

Nimeambiwa ni miksoma, si saratani. Naweza kusubiri kidogo?
Hapana. Miksoma ni uvimbe usio saratani unaoota ndani ya moyo, mara nyingi kwenye chemba ya juu ya kushoto, ikining'inia kwa kikonyo. Moyo unapopiga, kwenye eko utaiona ikicheza na hata kuzama kwenye vali. Ikiziba hapo, damu haipiti na mtu anaanguka ghafla. Tena ni laini: kipande kikimeguka kinasafiri na damu hadi kwenye ubongo, na hicho ni kiharusi.

Lakini siumwi popote.
Hapana, bado usisubiri. Kipande hakibishi hodi kabla ya kumeguka. Wapo wanaopewa majibu, wanayaweka kabatini, kisha wanarudi upande mmoja wa mwili umepooza.

Hakuna dawa ya kuyeyusha?
Hakuna. Miksoma hutolewa kwa upasuaji. Dawa za kuzuia damu kuganda zinatibu damu iliyoganda, ambayo kwenye picha inaweza kufanana na uvimbe.

Ndiyo maana nimeandikiwa eko ya kupitia kooni?
Mara nyingi ndiyo. Mrija wenye kamera ya sauti hupita kwenye umio, nyuma kabisa ya moyo, na kikonyo huonekana vizuri zaidi. Hiki ndicho kipimo cha kushinda njaa: usile chochote kwa muda wa saa 6 kabla yake. Tafadhali, usile "kidogo tu" kisha ukaficha; ukitapika umelegezwa na dawa ya usingizi, chakula kinaingia mapafuni. Taja meno ya bandia na shida yoyote ya kumeza. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, siku hiyo usiendeshe gari.

Nikishapasuliwa, nimemalizana na eko?
Hapana. Miksoma inaweza kuota tena, kwa hiyo utarudia eko kwa tarehe utakazopangiwa, hata ukijiona mzima.