Kitoweo siyo mchuzi tu

Tangu baraza la mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari hapa Uganda, watu wananiuliza sana maneno ya jikoni, manake mi nafundisha Kiswahili wanafunzi wa upishi hapa Kampala. Neno linalowasumbua kuliko yote ni kitoweo. Wengi wanaandika daftarini "kitoweo ni mchuzi" alafu wanafunga daftari. Hapana jamani.

Kitoweo ni kile kinacholiwa pamoja na chakula kikuu ili kishuke vizuri. Nyama, samaki, maharage, dodo (mchicha), karanga za kusaga, vyote hivyo ukila na posho (yaani ugali) au wali au matoke (ndizi za kupika) ni kitoweo, viwe na majimaji visiwe nayo. Chukua mukene, yaani dagaa, wale wakavu wa kukaanga, hawana hata tone la mchuzi lakini ni kitoweo kamili. Mchuzi ni yale majimaji yenyewe, yakiwa mazito yanaitwa rojo, basi.

Mganda hili analielewa haraka sana kwasababu kwa Kiganda kuna emmere na kuna enva. Emmere ndo matoke, posho, viazi vitamu, muhogo, na enva ndo kitoweo. Nenda hoteli yoyote ya mtaani saa saba mchana uone, mhudumu anaanza kukuuliza sosi gani, wewe unasema nyama au maharage na bei inafuata hapohapo, alafu sahani inakuja imejaa matoke, wali, posho na kipande cha boga bila kuongezewa hela. Kwahiyo kinacholipiwa pale hasa ni kitoweo! Kwa Kiswahili muulize tu, "Leo mna kitoweo gani?" atakutajia vyote.

Sasa kwenye sentensi. Neno liko ngeli ya ki-vi, kwahiyo usiniandikie "kitoweo imeisha", andika "Kitoweo kimeisha na posho bado nyingi" au "Vitoweo vya leo ni viwili, kuku na maharage." Ukitaka kutaja chakula kinacholiwa nacho sema "Mbale watu wanapenda malewa yaliyoungwa kwa karanga kuwa kitoweo cha matoke" (malewa ni machipukizi ya mianzi). Na asiye na kitu cha kulia posho yake utasema "Watoto wamekula posho kavu, hakukuwa na kitoweo." Hiyo ya mwisho ina uzito wake, msomaji anajua palepale kwamba nyumba hiyo hali ni ngumu bila kuambiwa zaidi.

Ukivuka mpaka utaona tofauti kidogo. Tanzania bara mtu anaweza kusema "mboga ya leo ni samaki" na hajakosea, kwao mboga inafanya kazi ya kitoweo kabisa. Kenya magazeti yanapenda kulitumia kwa nyama hasa, mbuzi akichinjwa wanasema amegeuzwa kitoweo, na swala akikamatwa na simba ndo hivyohivyo, "swala aligeuka kitoweo cha simba." Nayapenda sana matumizi hayo.

Kitenzi chake kipo pia, kutowea, yaani kula chakula kwa kitoweo: "Tulitowea posho kwa maharage." Wengi mtaani hawalitumii siku hizi, inanisikitisha kwakweli, ni neno fupi na linafanya kazi ya maneno matano, mi wanafunzi wangu nawalazimisha walitumie angalau kwenye insha.

Wanafunzi huwa wanabishana kuhusu rolex, je yai lililoviringishwa ndani ya chapati ni kitoweo? Mi nasema ndiyo, chapati ndo chakula na yai ndo linaloishusha, ila maharage ukiyachemsha ukayala yenyewe kwenye bakuli bila posho wala chapati, hayo ni chakula tu, siyo kitoweo tena.