Kidole cha mpira kinajuaje kimeshika nini?

Wageni wanaopita maabara yetu chuoni huduwaa wakiona kidole cha roboti cha silikoni, aina ya mpira laini, kinavyojikunja. Wala si muujiza. Upande mmoja kina vyumba vidogo vya hewa. Upande wa pili kimebandikwa kitambaa kisichovutika. Ukipuliza hewa, vyumba vinatanuka, kitambaa kinagoma, kidole kinapinda. Mwaka 2011 kundi la George Whitesides wa Harvard lilionyesha roboti nzima ya namna hii, haina mfupa hata mmoja, ikitambaa na kupenya chini ya kizuizi. Kwangu mimi kazi ngumu ni kuhisi.

Mkono wa mtu una vipokezi vya mguso takriban 17,000 upande wa kiganja, vya aina nne. Vingine hufuatilia mkandamizo wa taratibu, vingine hunasa mtetemo wa haraka. Kupitia hivi vya mtetemo unajua glasi imeanza kuteleza kabla macho hayajashtuka. Muuza nyanya wa sokoni Ilala anatenga mbivu na mbichi huku anaongea na simu.

Sasa tia kihisi, yaani kifaa cha kupima mguso, ndani ya mpira. Mpira ni mkaidi: ukiukandamiza kisha ukauachia, haurudi kwa njia uliyoendea. Kwa nguvu ileile, kihisi kinakupa namba moja wakati wa kubonyeza na nyingine wakati wa kuachia. Ukiushikilia bila kuongeza nguvu, namba bado inasogea taratibu. Vihisi vya kapasita, vinavyopima mabamba mawili yanavyokaribiana kwa kusoma uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, navyo vina lao: maji yakichukua nafasi ya hewa kati ya mabamba, uwezo huo unaongezeka karibu mara 80. Kwa unyevu wa Dar, kihisi kisichozibwa vizuri kitakuambia kimeguswa na kumbe ni umande.

Ndiyo maana naegemea upande wa kamera. Mwaka 2009 Micah Johnson na Edward Adelson wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walionyesha njia hii: jeli angavu iliyopakwa rangi juu, taa zinazoimulika kutoka pande tofauti, kamera nyuma yake. Kitu kikigusa, jeli inabonyea na kamera inasoma umbo la kile kibonyeo, hata mistari ya alama ya kidole. Unyevu wa hewa hauisumbui sana. Hasara zipo: kidole kinanenepa, rangi ya juu huchubuka, na kompyuta inatakiwa ichakate picha haraka kabla nyanya haijadondoka. Bado naona ni nafuu kuliko kubishana na namba zinazohama.

Kwa wanafunzi mnaotaka kujaribu nyumbani, jambo linaloua kazi nyingi ni glavu. Silikoni inayogandishwa kwa platini haipatani na salfa, na glavu za mpira wa asili zinayo. Zikigusa mchanganyiko au kalibu, pale zilipogusa patabaki pananata hata ukisubiri wiki. Vaeni za nitrili, yaani mpira wa kiwandani. Na ule muda wa kumimina ulioandikwa kwenye chupa kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi 23. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa Dar huvuka 30 bila shida, kwa hiyo mchanganyiko utaanza kuganda mapema. Pozeni chupa kwenye friji, futeni umande kabla ya kufungua, kisha changanyeni kidogo kidogo.