Je, wajua kwa nini jina Helsinki hubadilika katika barua ya mwanasesere?

Katika shule za nchi nyingi kuna desturi ya kumtuma mwanasesere safarini: dubu wa kitambaa hufungwa kwenye kifurushi, akapelekwa kwa darasa la nchi nyingine, na wenyeji wake humtembeza, humpiga picha mbele ya mahali mashuhuri, kisha huandika barua kwa niaba yake ili isomwe nyumbani alikotoka. Mwanasesere huyo akifika Ufini na barua yake ikaandikwa kwa Kifini, msomaji anayeanza kujifunza lugha hiyo hushangaa, kwa sababu mji mmoja huonekana kuwa na majina matatu. Hebu tusome barua fupi ya mfano:

“Terveisiä Helsingistä! Olen nyt Helsingissä. Eilen kävin Suomenlinnassa. Huomenna matkustan Tampereelle, ja sunnuntaina palaan Helsinkiin.”

Yaani: Salamu kutoka Helsinki! Sasa nipo Helsinki. Jana nilitembelea Suomenlinna, ile ngome ya visiwani iliyoanza kujengwa mwaka 1748. Kesho nitasafiri kwenda Tampere, na Jumapili nitarudi Helsinki.

Katika Kiswahili jina la mji halikuguswa hata mara moja, kwa kuwa sisi huweka habari ya mwendo katika maneno mengine, kama vile “kutoka”, “nipo” na “kwenda”. Hata kiambishi chetu cha mahali, -ni, hakitofautishi pande za safari: natoka mjini, nipo mjini, naenda mjini. Kifini hufanya kinyume, kwani mzigo huo hubebwa na mkia wa jina lenyewe. Mkia -ssa au -ssä humaanisha kuwamo ndani, -sta au -stä kutoka ndani, na irabu inayorefushwa kisha kufuatwa na n, kama katika Helsinkiin, humaanisha kuingia. Kuchagua kati ya a na ä hutegemea irabu zilizomo katika neno, ndiyo maana ngome ikapata Suomenlinnassa na mji ukapata Helsingissä.

Tampere nayo imepata mkia mwingine, kwa sababu Kifini kina safu ya pili ya viambishi, inayohusu kuwa juu ya kitu au kando yake: Tampereella ni kuwapo huko, Tampereelta ni kutoka, Tampereelle ni kwenda. Mzungumzaji wa Kiswahili asitishwe na jambo hili, kwa maana sisi wenyewe hutofautisha “nyumbani mwangu”, penye maana ya ndani, na “nyumbani pangu”, penye maana ya mahali palipo dhahiri. Miji mingi ya Ufini hufuata safu ya ndani, kama Turku, ambayo huwa Turussa. Majina mengi yaliyotokana na rasi, mto au ziwa hufuata safu ya nje, kwa mfano Rovaniemi huwa Rovaniemellä na Seinäjoki huwa Seinäjoella, kwa sababu niemi ni rasi na joki ni mto, na mtu hukaa juu ya rasi au kando ya mto. Kwa mengine, njia ya hakika ni kusikiliza wenyeji wanavyosema.

Limebaki swali la ile k iliyogeuka g. Katika Kifini, konsonanti k, p na t hulegea mara nyingi pale silabi inayoanza nazo inapofungwa na konsonanti nyingine. Katika Helsingissä silabi hiyo imefungwa na s ya kwanza, hivyo nk ikawa ng, nayo hutamkwa kama ng' ya “ng'ombe”, ila huvutwa zaidi. Helsinkiin imebaki na k yake kwa sababu zamani mkia huo ulikuwa -hen, na silabi iliyoutangulia ilikuwa wazi. H ilitoweka, lakini k haikulegea.

Naona hii ndiyo sababu barua ya mwanasesere humfaa sana mwanafunzi wa Kifini kuliko orodha ya viambishi ya kukariri. Msafiri hana budi kusema yupo wapi, ametoka wapi na anakwenda wapi, na kila sentensi humlazimu kutumia mkia mmojawapo. Miji yetu nayo haisamehewi: mwanasesere aliyetoka pwani ya Kenya ataandika Mombasasta anapoeleza alikotoka, na Mombasaan anapotaja anakorejea.

Neno la nyumbani lina njia yake. Koti ni nyumba ya mtu, lakini kuwa nyumbani ni kotona na kutoka nyumbani ni kotoa, kwa viambishi vya mahali vya kale ambavyo leo vina kazi nyingine katika majina mengi. Upande wa kurudi tu ndio umefuata kawaida, na kwa hiyo barua ya mwisho kabla ya kifurushi kufungwa huandikwa: “Tulen kotiin”, nakuja nyumbani.