Riba ya akiba na ritani ya kodi Uingereza: akaunti ya nyumbani nayo inahesabiwa

Swali tunaloulizwa sana na Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza ni hili: mshahara wangu hukatwa kodi kila mwezi, benki inanipa riba kidogo kwenye akiba, je, natakiwa kujaza ritani, yaani fomu ya mwaka ya kueleza kipato na kodi? Kwa wengi jibu ni hapana. Lakini ukiwa na akaunti Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mambo hubadilika, na hapo ndipo watu wanaolipa kodi yao bila kinyongo hujikuta wanaandikiwa faini.

Tuanze na pesa iliyoko Uingereza kwenyewe. Tangu tarehe 6 Aprili 2016 benki za huko hazikati kodi kwenye riba, unapewa yote. Kisha sheria inakuachia kiasi fulani bila kodi kila mwaka: £1,000 kwa anayelipa kodi ya asilimia 20, £500 kwa wa asilimia 40, na hakuna kitu kwa mwenye kipato kinachozidi £125,140. Angalia vizuri hapa, kwa sababu riba yenyewe inaingia kwenye hesabu ya kuamua uko kundi gani. Mwenye mshahara wa £49,900 na riba ya £600 ameshavuka mpaka wa £50,270 ambapo asilimia 40 huanza, kwa hiyo anaachiwa £500 tu. Upande wa pili, asiye na mshahara au mwenye pensheni ndogo ana nafuu kubwa: kama kipato chake kingine hakifiki £17,570, anaweza kupata hadi £5,000 zaidi za riba bila kodi. Riba ya ISA, akaunti maalumu ya akiba isiyotozwa kodi, haihesabiwi kabisa.

Chukua mfano wa mhudumu wa wazee anayelipwa £24,000 kwa mwaka. Ana £30,000 kwenye akaunti ya akiba inayotoa asilimia 4.5, kwa hiyo riba yake ni £1,350. Ukitoa £1,000 zinabaki £350, na kodi yake ni £70. Je, ajaze ritani? Hapana. Mwaka wa kodi ukiisha tarehe 5 Aprili, benki hupeleka taarifa za riba kwa mamlaka ya kodi, HMRC, nayo hubadilisha msimbo wake wa kodi, ule unaomwambia mwajiri akate kiasi gani, ili hizo £70 zikatwe kidogo kidogo kwenye mshahara. Anachotakiwa kufanya ni kusoma barua itakayokuja na kulinganisha tarakimu na taarifa za benki yake, kwa sababu hesabu hizo mara nyingine hufanywa kwa makadirio ya mwaka uliopita.

Ritani inakuwa lazima pale jumla ya riba na gawio la uwekezaji inapozidi £10,000 kwa mwaka, hata kama kila senti ya mshahara imeshakatwa kodi. Wanaonaswa na kiwango hiki bila kutarajia ni wale wanaofunga pesa kwa miaka mitatu au mitano. Kama riba inalimbikizwa na huwezi kuigusa mpaka mwisho, yote huhesabiwa katika mwaka ule ulioruhusiwa kuichukua. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza riba italipwa lini. Ukijiajiri na tayari unajaza ritani, riba yote ya mwaka unaiandika humo, hata ile iliyo ndani ya kiasi unachoachiwa bila kodi. Na faida inayolipwa na benki za Kiislamu kwa wenye akiba hutozwa kodi kwa utaratibu huu huu wa riba.

Sasa akaunti ya nyumbani. Mkaazi wa Uingereza hutozwa kodi kwa kipato chake cha dunia nzima, na riba ya nje kwa kawaida hutakiwa kuelezwa kwenye ritani. Kisingizio tunachosikia mara nyingi ni kwamba kodi imeshakatwa huko. Ni kweli imekatwa, asilimia 15 Kenya na asilimia 10 Tanzania, lakini hiyo haikuondolei wajibu wa kuitaja. Inakupunguzia tu kiasi cha kulipa.

Tumrudie yule mhudumu wa wazee. Tuseme ana shilingi 1,000,000 za Kenya kwenye akaunti ya muda maalumu kwa asilimia 10. Riba ni shilingi 100,000, benki inakata 15,000, anapokea 85,000. Kwenye ritani anaandika 100,000, si 85,000. Kama pauni moja ni shilingi 170, hizo ni £588, na kwa kuwa ile £1,000 ameshaimaliza kwa riba ya Uingereza, kodi ya Uingereza juu yake ni takriban £118. Anaondoa £88 alizokatwa Kenya, anabaki kudaiwa kama £30 hivi. Hicho ndicho watu wanachokificha, na ni kidogo kuliko faini ya £100 ya kuchelewesha ritani, ambayo hutozwa hata kama hudaiwi kodi yoyote. Kenya ina kanuni za kubadilishana taarifa za akaunti na nchi nyingine tangu 2023, na kwa mambo ya nje HMRC inaweza kurudi nyuma hadi miaka 12.

Kama pesa ni ya ujenzi na akaunti ni ya pamoja na kaka yako, unatozwa kwa sehemu iliyo yako kweli, kwa hiyo tunza kumbukumbu za nani aliweka nini. Mke na mume kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu.

Waliofika karibuni, baada ya kuishi nje ya Uingereza miaka 10 mfululizo, wanaweza tangu Aprili 2025 kuomba msamaha wa kipato cha nje kwa miaka minne ya kwanza. Sipendekezi kuukimbilia. Unaombwa ndani ya ritani yenyewe, na ukiuchukua unapoteza ile £12,570 ya kipato isiyotozwa kodi. Kwa mhudumu wetu hiyo ni kodi ya ziada ya £2,514 ili kukwepa £30.

Ambaye hajawahi kujaza ritani ajiandikishe HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha. Namba ya mlipakodi, yenye tarakimu kumi, inaweza kuchukua wiki kadhaa kufika, na ritani ya mtandaoni hufungwa tarehe 31 Januari. Ukingoja sherehe za mwaka mpya ziishe umechelewa. Benki ya nyumbani iombe cheti cha riba na kodi iliyokatwa mapema. Kubadilisha shilingi kuwa pauni, tumia viwango ambavyo HMRC yenyewe huchapisha, na uandike pembeni ulitumia kipi.