Je, wajua kwa nini waraibu wa heroini hunyweshwa methadoni kila siku?

Kliniki ya methadoni ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Dawa ni bure. Wapo wanaouliza: hii si kuhalalisha unga kwa mlango wa nyuma?

Sivyo. Ni kweli methadoni ni ya jamii moja na heroini na hushika sehemu zilezile za ubongo, ila mwendo wake ni mwingine. Heroini hupanda upesi na kushuka upesi. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, arosto inaanza: miayo, makamasi, kuhara, kutapika, maumivu ya mifupa. Hapo mtu hatafuti tena starehe, anatafuta nafuu, na atakwapua simu ili aipate. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu na kumshikilia siku nzima bila kumlewesha, dozi ikiwa sahihi.

Dozi ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kwanza haizidi miligramu 30, kisha hupandishwa kidogo kidogo, kwa sababu ya jana bado imo mwilini na ya leo hujumlishwa juu yake. Ukiharakisha, pumzi inakata, hasa mgonjwa akichanganya na pombe au valiamu (dawa ya kutuliza). Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Mgonjwa hunywa mbele ya mhudumu, kisha huongea kidogo, ihakikishwe kuwa amemeza na hakuificha mdomoni akaiuze. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi hupunguzwa kwanza, maana mwili umeshaanza kupoteza mazoea nayo.

Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu hurudiwa na arosto kwa dozi ileile, kwa kuwa ini lake huichakaza methadoni haraka. Ndugu husema anajifanya. Hajifanyi, aongezewe dozi, na ipunguzwe tena rifampisini ikiisha.

Kuhusu sheria, Ureno tangu 2001 haimfungi anayekutwa na dawa zisizozidi matumizi ya siku 10. Hupelekwa mbele ya kamati, lakini muuzaji bado ni mhalifu. Oregon, Marekani, ilipitisha mpango kama huo mwaka 2020 na kuufuta 2024. Huduma za tiba zilichelewa mno kuwafikia watu.

Kwa Dar, kinachowaangusha wengi ni nauli ya kila siku. Mtu anayekaa mbali na asiye na kazi anahitaji nauli ya daladala, kwenda na kurudi.