Sweta la sufu likikuwasha, si lazima uwe na mzio

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu: ukivaa sweta la sufu ukawashwa, basi una mzio wa sufu, achana nayo maisha yako yote. Kwa watu wengi hilo si kweli. Mzio wa sufu yenyewe ni nadra.

Kinachowasha ni unene wa manyoya yaliyosokotwa kuwa uzi. Unyoya wenye unene unaozidi takriban mikromita 30 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ni mgumu. Ncha yake iliyochomoza kwenye sweta haipindi ikigusa ngozi, inachoma kama kisindano na kuamsha neva. Sufu ya kondoo wa merino, ambayo kwa kawaida haifiki mikromita 25, hupinda tu.

Vidole ndivyo vinavyotuchanganya. Kwenye mitumba tunalipapasa sweta kwa kiganja, tunaliona laini. Likifika shingoni, linachoma. Ngozi ya kiganja ni nene, haihisi mchomo huo. Kabla ya kununua, libonyeze shingoni au upande wa ndani wa mkono, usubiri kidogo. Kama unalo tayari, vaa fulana ya pamba ndani uone tofauti. Vipele vikitoka au ngozi ikivimba, hapo muone daktari.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna bibi anayeishi kwenye baridi ambaye ataliweka kando sweta alilofumiwa na mjukuu wake.